Kinga Bila Mzigo

Huku Katuba baiskeli tunaiita kinga.
Yangu ina keria iliyochomelewa mara tatu:
hubeba magunia matano ya makala,
na mwezi wa ada za shule, sita.

Miaka kumi na mmoja barabara ya Kasenga
naijua kama ulimi unavyolijua jino bovu,
lakini naijua nusu.
Kwenda ni saa tisa usiku, tochi ya simu mdomoni.
Kurudi nasukuma, bega la kulia limezama kwenye magunia,
na magunia yameuziba ulimwengu wote wa upande ule.

Kwa fundi Mwilambwe, juu ya karai la kutafutia pancha,
pana kalenda iliyokwisha siku zake zamani:
mume na mke, nchi ya baridi, ukuta wa mawe,
baiskeli mbili, keria tupu.
"Hawa wanakwenda wapi?"
"Kutembea."
"Na baiskeli?"
"Na baiskeli. Halafu wanarudi."
Nilicheka mpaka nikakohoa vumbi jeusi.
Usiku sikupata usingizi.

Jumapili, jua limeshatoka,
nikatoka bila kamba, bila gunia, bila mpira wa kufungia.
Kinga ilikuwa nyepesi hata nikaiogopa,
inayumba kama ndama aliyefunguliwa.

Kizuizini askari alinyoosha mkono kwa mazoea.
"Umebeba nini?"
"Hakuna."
Akazunguka nyuma, akapapasa keria,
akainama kutazama chini ya kiti.
"Unakwenda kuchukua nini?"
"Hakuna."
"Basi lipia hiyo hakuna."
Nikampa mia tano. Sijawahi kulipia kitu kwa furaha vile.

Kisha upande ule.
Kumbe kuna kijito!
Miaka kumi na mmoja nakufa kiu hatua thelathini kutoka kijitoni.
Kuna nyumba yenye mlango wa buluu,
na kichuguu kirefu kupita paa lake,
mbuzi amesimama kileleni kama mwenye mji.
Kuna makaburi manne, moja fupi.
Nikapunguza mwendo. Nikavua kofia.

Mwisho wa Septemba mvua bado,
lakini miputu haingoji mtu: majani mapya,
mekundu, laini kama sikio la mtoto mchanga.
Nikasimama chini ya mmoja
na kwa desturi macho yakaanza hesabu,
shina hili gunia nne, tawi lile moja.
Nikayaambia macho: leo ni Jumapili.
Yakatulia. Mti ukabaki mti.

Kwenye mteremko wa mwisho niliachia breki.
Mlima ule niliujua kwa ndama za miguu,
kwa jasho linaloingia jichoni na mikono haina nafasi.
Sikujua kwamba una upepo.
Nilipiga kelele, mimi, baba wa watoto watano,
njiwa wakaruka, na huko chini
nikamwona Kishimba anapanda, Jumapili na yeye,
magunia sita, kichwa kimeinama.

Hakuniuliza kitu. Alitazama keria yangu tupu
kama mtu anavyomtazama jirani aliyevua nguo.
Nikailaza kinga nyasini,
nikaweka mabega nyuma ya mzigo wake,
tukapanda, hatusemi, mpaka juu.
Pale akapangusa uso. "Umefiwa?"
"Hapana. Ninatembea."
Akafikiri sana.
"Kuna nini cha kuona?"
Nikamwonyesha upande ambao magunia yake yalikuwa yameuficha.
Alizunguka kinga yake kwenda kuutazama.

Nyumbani jioni Nsenga alikuwa anasonga bukari.
"Umeuza?"
"Hapana."
"Umenunua?"
"Hapana."
Nikamsimulia kijito, mbuzi, mlango wa buluu.
Mwiko ukapunguza mwendo, ukasimama.
Akafuta mikono, akatoka uani,
akaibonyeza keria kwa viganja viwili,
mara moja, mara mbili, kama anayepima kitanda sokoni.

"Inabeba magunia matano," akasema.
"Mimi ni gunia ngapi?"